Kifaru wa Nile Magharibi na Bunduki Isiyo na Mwenyewe

Hakuna askari aliyewahi kupangiwa kazi Nile Magharibi asiyelijua jina la Rhino Camp. Limo katika ramani za jeshi, limo katika vitabu vya zamu vya polisi, na linatajwa kila siku na madereva wa malori yanayopeleka chakula kwa wakimbizi. Maana ya jina hilo ni Kambi ya Kifaru. Lakini askari akipewa doria huko leo, kuanzia ukingo wa Nile hadi barabara iendayo Arua, atakutana na wavuvi, wachunga ng'ombe, wachoma makaa na wakimbizi kutoka Sudan Kusini. Kifaru wa asili ya nchi ile hatamwona, wala hataona unyayo wake. Jina limebaki, mwenye jina amekwisha.

Katika ukurasa huu tunapenda kulizungumza jambo hilo na ndugu zetu wa jeshi na wa polisi, na tunazo sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba wengi wetu tumezoea kufikiri kuwa habari za wanyama wa porini ni za watalii na za askari wa wanyamapori peke yao, na kwamba hazihusiani na ulinzi wa taifa. Historia ya Nile Magharibi inaonyesha kinyume chake. Ya pili ni kwamba Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda imelichagua pori la Ajai, lililo karibu na Rhino Camp, kuwa mojawapo ya mahali pa kuwarudishia vifaru. Shabaha hiyo ni njema. Lakini kabla ya kuishangilia yatupasa tujiulize: wale wa zamani walikwenda wapi, na ni nani aliyewamaliza?

MNYAMA WA MAGHARIBI YA MTO

Kifaru tunayemzungumza ni yule aitwaye kifaru mweupe. Kwa rangi yeye si mweupe. Ni wa kijivu kama mwenzake anayeitwa mweusi. Tofauti yao kubwa iko mdomoni. Kifaru mweusi ana mdomo uliochongoka wa kuvutia matawi ya vichaka, na mweupe ana mdomo mpana wa kukatia majani chini, kama ng'ombe. Kwa ajili hiyo kifaru mweupe hupenda mahali pa wazi penye nyasi, mara nyingi hukaa na wenzake, wala si mkali kama mweusi. Macho yake ni hafifu. Kwa mtu mwenye bunduki na nia mbaya, ni vigumu kupata windo jepesi kuliko hilo.

Katika Uganda mnyama huyu kwa asili aliishi magharibi ya Nile tu. Alikuwako Ajai, katika nchi ya Madi. Alikuwako katika pori la Mlima Kei, upande wa Koboko na Yumbe, mpakani mwa Sudan. Na alikuwako katika Mlima Otze, kule Moyo. Ng'ambo ya mipaka yetu alienea Sudan ya kusini, Kongo ya kaskazini mashariki, na kuendelea mpaka Afrika ya Kati. Wataalamu humwita kifaru mweupe wa kaskazini, ili kumpambanua na ndugu yake wa kusini, ambaye makao yake ni Afrika Kusini na nchi zilizo jirani nayo.

Wageni walimjua mapema. Nchi ile ilipokuwa ikiitwa Lado, ilitawaliwa na Mfalme Leopold wa Ubelgiji hadi alipofariki mwezi Desemba 1909. Mwezi uliofuata, Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka katika urais wa Marekani mwaka 1909, alipiga kambi kwenye ukingo wa magharibi wa Nile akiwatafuta vifaru hao kwa ajili ya majumba ya makumbusho. Yeye na mwanawe Kermit waliua 9. Mwaka 1914 sehemu ya kusini ya Lado iliingizwa Uganda, na Arua ikawa makao ya utawala wa wilaya. Baadaye serikali ilitenga mapori ya Ajai, Kei na Otze ili vifaru wapate hifadhi. Tena mwaka 1961 na mwaka 1964 baadhi yao walikamatwa wakiwa hai, wakavushwa mto na kupelekwa katika mbuga ya Murchison Falls, ili wale wa magharibi wakipatwa na balaa, mbegu isipotee.

Kwa hiyo tusidanganyike kwamba mnyama huyu alikufa kwa kuwa hakuna aliyemjali. Sheria ilikuwapo, mapori yaliyotengwa yalikuwapo, na hata akiba ilikuwa imewekwa ng'ambo ya mto. Nyasi na maji havikupungua. Tutafute sababu mahali pengine.

NDUGU WAWILI, HATIMA MBILI

Mtu akitaka kumwona kifaru mweupe leo kwa wingi, huenda Afrika Kusini. Watalii wa Ulaya, Marekani na Asia hulipa fedha nyingi, wakapanda ndege usiku kucha, ili wafanye kile ambacho dunia nzima inakiita kwa neno la lugha yetu: safari. Hupanda gari alfajiri, wakanyamaza kimya, wakangojea mnyama atokeze. Maelfu kwa maelfu ya watu wa kusini hula kwa kazi hiyo: madereva, wapishi, wachukuzi, wauza vinyago, walinzi.

Lakini kifaru wa kusini alikwisha kufika ukingoni mwa kaburi kabla ya ndugu yake wa kaskazini. Mwishoni mwa karne ya 19 walikuwa wamesalia wasiozidi 100, karibu wote katika bonde la Umfolozi, nchi ya Wazulu. Mwaka 1895 bonde hilo lilitengwa kuwa hifadhi. Walilindwa, wakazaana polepole, na katika miaka ya 1960 walinzi wakiongozwa na Ian Player walianza kuwakamata wakiwa hai na kuwatawanya katika mbuga nyingine, ikiwamo mbuga kubwa ya Kruger. Leo vifaru wa kusini ni zaidi ya 15,000.

Sasa tuwatazame wa kaskazini. Mwaka 1960 walikuwa zaidi ya 2,000, na kwa wakati huo waliwashinda ndugu zao kwa idadi. Mwaka 1984, yaani miaka 24 tu baadaye, waliobaki porini walikuwa wapatao 15, wote katika mbuga ya Garamba, Kongo. Leo wamesalia 2 duniani, wote majike, nao wanalindwa mchana na usiku katika hifadhi ya Ol Pejeta, Kenya.

Hatusemi hayo kwa kuisifu serikali ya ubaguzi wa rangi iliyotawala Afrika Kusini siku hizo. Serikali hiyo iliwatesa Waafrika, na hata kwa kisingizio cha wanyama iliwanyang'anya watu ardhi zao. Mwaka 1969 watu wa Makuleke walihamishwa kwa nguvu ili mbuga ya Kruger ipanuliwe, nao hawakurudishiwa haki ya ardhi yao mpaka mwaka 1998, baada ya utawala wa kidhalimu kuanguka. Kulinda mnyama kwa kumdhulumu binadamu si njia tunayoipendekeza. Tunachosema ni jambo moja tu. Kusini, kifaru alikuwa na mlinzi ambaye hakuondoka lindoni kwa miaka mingi mfululizo. Kaskazini, mlinzi alikimbia, au aliuawa, au aligeuka akawa mwindaji.

BUNDUKI ILIPOKOSA MWENYEWE

Utawala wa Idi Amin ulianza mwezi Januari 1971 na ukaanguka mwezi Aprili 1979. Katika miaka hiyo bei ya pembe ilipanda ulimwenguni, na nchini mwetu bunduki za jeshi zilianza kutumika porini. Kabla ya maafa hayo mbuga ya Murchison Falls na mapori yanayoizunguka vilikuwa na ndovu wapatao 14,000. Walipohesabiwa mwaka 1980 hawakuzidi kama 1,400. Katika mbuga ya Queen Elizabeth, mahali palipokuwa na ndovu wapatao 4,000, walikutwa 150 tu. Mtu mwenye mkuki hawezi kuua kwa hesabu hiyo. Hesabu hiyo ni ya silaha za kivita.

Tukisema kwamba kosa lilikuwa la askari wa serikali moja tu, tutakuwa tunajificha. Vita vya mwaka 1979 vilipopita, maghala ya silaha yalivunjwa. Askari waliokuwa wakikimbia walipiga wanyama. Baadhi ya askari waliowafuata nao walipiga. Na raia waliookota bunduki kambini walijifunza kazi hiyo upesi. Yule aliyepiga kwa ajili ya nyama alifuatwa na yule aliyepiga kwa ajili ya pembe. Hakuna aliyehesabu risasi. Hakuna aliyeuliza bunduki imelala wapi. Mali bila daftari, walisema wazee, huisha bila habari. Na ndivyo ilivyokuwa kwa vifaru wetu. Ilipofika mwaka 1983 hakuna kifaru aliyesalia katika Uganda yote, awe mweupe au mweusi. Hata ile akiba iliyovushwa mto ilikuwa imekwisha.

Wasomaji wetu wa Arua na Koboko hawahitaji kukumbushwa nini kingine kilitokea katika miaka ileile. Mwezi Oktoba 1980 vita viliingia Nile Magharibi, na visasi vikafuata. Vijiji vilichomwa, na watu kwa makundi walivuka mpaka kuingia Sudan na Zaire wakiwa na kile walichoweza kubeba kichwani. Mwezi Juni 1981 raia waliokuwa wamekimbilia katika misheni ya Ombaci, karibu na mji wa Arua, waliuawa na askari waliovaa sare ya taifa. Hatulinganishi uhai wa mtu na uhai wa mnyama. Tunataka tu ionekane kwamba mikono ilikuwa ileile na bunduki zilikuwa zilezile. Bunduki isiyo na mwenyewe haichagui. Leo humwangusha kifaru, kesho humwangusha mwenye shamba, na kesho kutwa humgeukia askari mwenzake. Kwa sababu hiyo tunasema kwamba pori lililomalizika wanyama ni dalili ya kwanza kwa mlinzi wa taifa kwamba silaha zimetoka mikononi mwa wakubwa wake.

JIRANI ZETU WA GARAMBA

Anayesimama Salia Musala, katika wilaya ya Koboko, mahali zinapokutana Uganda, Kongo na Sudan Kusini, anaweza kudhani kwamba ya kwetu yalikuwa mkosi wetu peke yetu. Sivyo. Upande wa Kongo, katika mbuga ya Garamba iliyoanzishwa mwaka 1938, vifaru walikuwa zaidi ya 1,000 mwaka 1960. Uasi wa Simba uliwapunguza wakabaki kama 100. Walipolindwa waliongezeka tena. Vita vikaja, wakapungua. Kutoka wale 15 wa mwaka 1984 walifika kama 30 kufikia mwaka 2003. Halafu magenge yenye silaha kutoka Sudan yaliingia na punda wa kubebea pembe, na katika muda wa miaka mitatu wakabaki 4. Mwaka 2005 ulikuwapo mpango wa kuwapeleka Kenya wapate usalama. Siasa zikaukataa. Baada ya mwaka 2007 hakuna aliyewaona tena.

Askari wa mbuga hiyo wamelipa kwa damu. Mwezi Januari 2009 waasi wa LRA waliyashambulia makao makuu yao huko Nagero. Mwaka 2015 walinzi wa mbuga waliuawa pamoja na afisa wa jeshi la Kongo katika mapambano na majangili. Tunawataja kwa heshima, kwa maana nao ni askari.

Lipo pia jambo ambalo si raha kulitaja katika ukurasa huu, lakini ukweli haufi kwa kufichwa. Mwaka 2012 ndovu 22 walikutwa wameuawa Garamba, na ikadhaniwa kuwa risasi zilitoka juu angani. Shutuma zilielekezwa kwa helikopta ya jeshi letu iliyokuwa imeonekana katika anga ya mbuga hiyo. Jeshi lilikanusha. Sisi si mahakama, na hatutoi hukumu. Lakini kila mwenye sare atafakari jinsi habari hiyo ilivyozunguka dunia nzima kwa muda mfupi. Shutuma ya namna hiyo haimchafui mtu mmoja. Inamchafua hata yule kuruta wa Bondo ambaye hajawahi kuiona Garamba. Dawa yake haiko katika kukanusha tu. Dawa yake ni kila ndege, kila gari na kila risasi kuwa na daftari, ili siku ya kuulizwa jibu liwepo.

BINTI ZA NASIMA

Mwaka 1975 kifaru dume mdogo alikamatwa Shambe, Sudan ya kusini, akapelekwa katika bustani ya wanyama ya Dvůr Králové, katika nchi iliyoitwa Czechoslovakia. Aliitwa Sudan. Huko alikutana na jike jina lake Nasima, ambaye naye alikuwa amekamatwa porini, akapitia Uingereza kabla ya kufikishwa Dvůr Králové mwaka 1977. Mwaka 1989 wakazaa binti, Najin. Najin akamzaa Fatu mwaka 2000. Mwezi Desemba 2009 Sudan, Najin na Fatu walirudishwa Afrika, Ol Pejeta, pamoja na dume mwingine. Sudan alikufa tarehe 19 Machi 2018, naye alikuwa dume wa mwisho. Wale wawili waliosalia duniani, tuliowataja hapo juu, ndio hao mama na binti.

Nasima alikamatwa wapi? Alikamatwa Uganda. Na kwa kuwa katika Uganda vifaru weupe wote asili yao ni magharibi ya Nile, basi damu ya vifaru wa mwisho wa kaskazini ni damu ya Nile Magharibi. Wazazi na ndugu za Nasima waliobaki nyumbani waliuawa wote. Aliyetekwa akapelekwa utumwani ndiye aliyeacha kizazi. Hilo ni jambo la kutia aibu: kwamba mnyama wetu alipata usalama zaidi nyuma ya vyuma vya Ulaya kuliko katika pori tulilopewa sisi kulilinda.

Wataalamu wanajaribu sasa kuyachukua mayai ya Fatu, kuyarutubisha kwa mbegu zilizohifadhiwa za madume waliokufa, na kuyapandikiza katika matumbo ya majike wa kusini. Kazi hiyo ni ngumu, na mimba ya kifaru huchukua miezi 16. Jike akizaa leo, yampasa angoje miaka miwili, mitatu au zaidi kabla ya kuzaa tena. Risasi moja ya dakika moja inaharibu kazi ya miaka mingi. Na kwa ajili ya nini? Kipusa hakina dawa ndani yake. Kimeumbwa kwa kitu kilekile kinachoumba kucha za mkono wako.

WALIOTOKA KUSINI WAKAJA KWETU

Taifa letu halikukata tamaa. Mwaka 2005 hifadhi ya Ziwa, katika wilaya ya Nakasongola, ilipokea vifaru weupe wanne kutoka Kenya, na mwaka uliofuata wawili kutoka Marekani. Hao ni wa aina ya kusini, wajukuu wa wale wachache wa Umfolozi. Mwaka 2009 alizaliwa ndama dume, wa kwanza kuzaliwa Uganda tangu vifaru walipotoweka. Kwa kuwa mama alitoka Marekani na baba Kenya, aliitwa Obama. Tangu hapo wamezidi 40. Siri ya Ziwa si kubwa: kila kundi la vifaru lina walinzi wanaolifuata kwa miguu mchana na usiku, jua na mvua.

Kongo nayo ilifanya vivyo hivyo. Mwezi Juni 2023 vifaru weupe 16 kutoka Afrika Kusini walifikishwa Garamba. Kusini, ambako zamani walikuwa hawafiki 100, sasa kunagawa mbegu kwa kaskazini.

Hata hivyo askari asidhani kwamba kusini wamekwisha kushinda. Mwaka 2014 peke yake majangili waliua vifaru 1,215 katika Afrika Kusini. Mbuga ya Kruger, iliyokuwa na vifaru weupe zaidi ya 10,000 kama mwaka 2010, ilikuwa na chini ya 3,000 mwaka 2020. Na kati ya waliokamatwa wamo walinzi wa mbuga na polisi. Tajiri wa vipusa hupendelea kumnunua mlinzi kuliko kupigana naye. Gharama yake ni ndogo na hakuna mlio wa bunduki.

KAZI ILIYOKO MPAKANI

Hapo ndipo jambo hili linapofika mlangoni pa askari wa Arua na Koboko. Barabara ya lami inatoka Vurra, mpakani mwa Kongo, inapita Arua na Koboko, inafika Oraba, mpakani mwa Sudan Kusini. Ni baraka kwa wafanyabiashara. Lakini barabara haibagui mzigo; hupitisha simsim na hupitisha pembe. Mwishoni mwa Januari 2019 maofisa wa Mamlaka ya Mapato walifungua makontena yaliyotoka Sudan Kusini, wakakuta magogo yaliyotobolewa ndani na kuzibwa kwa nta. Ndani yake mlikuwa na vipande 750 vya pembe za ndovu na mamia ya kilo za magamba ya kakakuona. Mzigo kama huo hupita mbele ya macho mengi kabla ya kukamatwa. Kila kizuizi ulichovuka kilikuwa na mtu.

Sheria imekwisha kuwekwa. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019 inaruhusu kifungo cha maisha, au faini inayoweza kufika shilingi bilioni 20, kwa makosa juu ya wanyama walio hatarini kutoweka. Mwezi Oktoba 2022 mahakama ya Kampala ilimfunga maisha mtu mmoja aliyekutwa na pembe za ndovu. Mahakama haiwezi kufanya zaidi ya hapo. Lakini hakimu hawezi kukaa Oraba saa nane ya usiku. Anayekaa Oraba saa hiyo ni polisi na mwanajeshi, mara nyingi wakiwa na njaa na mbali na watoto wao.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo manne, nayo si ya kitaalamu sana.

Kwanza, risasi ihesabiwe. Kila kikosi kinachotoka doria karibu na Ajai, Kei au Otze kijue kimetoka na risasi ngapi na kimerudi na ngapi, na mkubwa asitie sahihi kwa mazoea. Daftari hilo linamlinda askari mwema kuliko linavyomfunga mbaya.

Pili, tumpambanue mwenye njaa na mwenye tamaa. Mwanakijiji aliyetega waya apate swala amevunja sheria, na sheria imfuate. Lakini asipigwe, maana yeye ndiye atakayekuja kutuambia gari geni limelala wapi. Mwenye gari hilo, mwenye simu tatu na rafiki wakubwa, ndiye adui hasa. Imekuwa desturi mbaya kumfunga wa kwanza na kumpigia saluti wa pili.

Tatu, tusiwafanye wakimbizi kuwa kisingizio. Tangu mwaka 2016 Nile Magharibi imepokea watu wengi mno waliokimbia vita vya Sudan Kusini, na kambi ya Bidibidi, wilayani Yumbe, imekuwa na zaidi ya watu 200,000. Ni kweli kwamba kuni na miti vimepungua. Lakini wenyeji wa Koboko na Arua waliwahi kuwa wakimbizi hukohuko Sudan, na wanajua mkimbizi hana soko la vipusa. Anayelihusisha jina la mkimbizi na kila uhalifu anawaficha wahalifu wenyewe.

Nne, wananchi waione faida. Sheria inaagiza kwamba asilimia 20 ya viingilio vya mbuga irudi kwa jamii zinazoizunguka. Siku watalii watakapoanza kuja Ajai, fedha hiyo ionekane katika zahanati na madawati ya shule, na vijana wa Madi, wa Lugbara, wa Kakwa na wa Aringa wapate ajira ya kuongoza wageni na kulinda pori. Lindo la watu elfu kumi wanaoipenda mali yao linalishinda lindo la askari mia.

Wapo watakaouliza, kwa nini tuhangaike na mnyama wakati watu bado wana shida? Tunawajibu kwamba Nile Magharibi haikuwahi kupata utajiri kwa kuwaua vifaru wake. Vipusa viliondoka, fedha ikaondoka pamoja navyo, na kilichobaki ni jina kwenye kibao cha barabarani. Iwapo wale 2,000 wa mwaka 1960 wangalikuwa na walinzi, leo mgeni anayeruka hadi Afrika Kusini angeshuka katika uwanja wa ndege wa Arua, akalala hoteli ya Arua, akala samaki wa Nile, na kijana wa Koboko angekuwa ndiye anayemwonyesha njia.

Vifaru wa kusini watakaokula majani ya Ajai hawatakuwa wale wa asili. Ni wageni watakaoishi katika nyumba ya marehemu. Lakini mgeni akikaribishwa na kulindwa, nyumba hufunguliwa tena. Ndugu askari, safari hii pasiwe na wa kusema kwamba hakujua. Ukipewa lindo karibu na pori lile, kumbuka kwamba mara ya kwanza mnyama huyu hakuuawa na ukame wala na ugonjwa. Aliuawa na watu waliokuwa wamekabidhiwa bunduki, wakaachwa bila wa kuwauliza. Basi tuulizane. Kila jioni bunduki inaporudishwa ghalani, mkubwa amuulize mdogo, na mdogo awe na haki ya kumuuliza mkubwa: risasi iliyopungua imekwenda wapi?